Anayewasikiliza wanafunzi, yeye husikilizwa na nani?

*Walimu washauri wa shule za Nairobi hubeba siri za mamia ya watoto bila msimamizi na bila mwenzao wa kuzungumza naye. Chama cha kitaaluma kipo. Mbona wengi wao wamekaa nje?*

Jumatatu, Septemba 23, 2019. Watoto wa shule ya Precious Talent, mtaani Ng'ando katika eneo la Dagoretti, walikuwa ndio kwanza wanatulia darasani asubuhi pale ghorofa ya juu ilipowaangukia. Watoto wanane walifariki. Makumi ya wengine walikimbizwa Hospitali Kuu ya Kenyatta, mwendo mfupi kutoka hapo kwa kufuata Ngong Road.

Kabla jua halijakaza, Msalaba Mwekundu walikuwa wamefika, wakiwemo wataalamu wa kuwatuliza wazazi na watoto walionusurika. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, alifika. Wanahabari nao walifika, kama kawaida yao, wakaondoka kama kawaida yao.

Baada ya mkasa wa aina hiyo, mambo huenda kwa mpangilio ambao Wakenya wanaujua kama wimbo wa taifa. Mahema hupigwa, wataalamu huketi na watoto siku tatu, pengine wiki nzima, kisha mahema hung'olewa. Anayebaki na mtoto anayeruka kitini kila upepo unapogonga mabati ni mwalimu. Na karibu kila shule ina mwalimu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina, yule anayeitwa mwalimu mshauri.

Huyo hana hema la kung'oa. Mkasa ukiisha kwenye magazeti, kwake ndio kwanza unaanza, na akishasikiliza watoto 20 wanaosimulia vumbi lile lile na kilio kile kile, hakuna mahali palipopangwa pa yeye kuutua mzigo huo.

Barua ya aya mbili

Katika shule nyingi za umma, nafasi ya mwalimu mshauri haitangazwi na hakuna anayefanyiwa mahojiano. Mwalimu mkuu humwita mtu ofisini muhula unapoanza, akamkabidhi barua ya aya mbili. Mara nyingi huwa ni mwalimu mpole, au yule ambaye wanafunzi humzunguka wakati wa mapumziko, au anayefundisha somo la dini, kana kwamba kuijua Zaburi ni sawa na kujua la kumwambia msichana wa miaka 15 aliyeacha kula tangu mamake alipofariki.

Barua hiyo haipunguzi kazi nyingine. Kiwango cha Tume ya Huduma za Walimu (TSC) kwa mwalimu wa sekondari ni vipindi 27 kwa wiki. Ongeza kusahihisha, zamu za wiki, klabu, mikutano ya wazazi. Ushauri nasaha hufanywa katika makombo ya siku: mapumziko ya saa nne, nusu ya pili ya saa ya chakula, dakika chache kabla ya masomo ya jioni.

Chumba chenyewe, ukikipata, huwa kile kilichokuwa stoo. Meza moja, viti viwili vya plastiki, kalenda ya benki ya mwaka juzi, na rafu ya vitabu vya mtaala wa 8-4-4 ambavyo hakuna anayejua vipelekwe wapi. Nje kuna benchi. Benchi hilo ni tatizo kubwa kuliko ukosefu wa dirisha, maana kila anayepita kwenda kantini humwona aliyeketi hapo, na kufikia jioni bweni zima huwa limeshatunga hadithi yake. Mwalimu aliyekaa na kazi hii muda mrefu huwa na ujanja wa kumpa mtoto rundo la madaftari abebe, ili waonao wadhani ametumwa.

> *Benchi la nje ni tatizo kubwa kuliko ukosefu wa dirisha.*

Wanaohitaji kuketi kwenye benchi hilo ni wengi. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana, ambao APHRC, kituo cha utafiti chenye makao Kitisuru, ilishiriki kuufanya na matokeo yake kutolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba asilimia 44.3 ya vijana wa miaka 10 hadi 17 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Asilimia 12.2 walikuwa na hali inayotimiza vigezo vya ugonjwa wenyewe. Katika darasa la wanafunzi 50, hao wa mwisho ni sita. Kama shule ina madarasa 20, mwalimu mmoja mwenye vipindi 27 ana watoto 120 wa kuwaona, bila kuhesabu wale waliogombana na marafiki, waliokosa karo, na waliotumwa na naibu mwalimu mkuu kwa sababu ya kuchomoa shati.

Kiboko kilipoondoka

Kenya haijawahi kukosa ripoti. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha mwaka 1971. Ripoti ya kamati ya Gachathi, mwaka 1976, ilitaka shule ziwe na mwalimu wa kuusimamia ushauri huo. Ripoti ya Kamunge ya mwaka 1988 ikataka huduma hiyo ishuke hadi wilayani. Nje ya serikali, kituo cha Amani kilikuwa kimefungua milango Nairobi mwaka 1979 kwa watu waliotaka kuzungumza na mtu asiye jamaa wala kasisi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 washauri nasaha wenyewe walikuwa wameanza kujikusanya katika chama, kile ambacho leo kinajulikana kama Chama cha Ushauri Nasaha na Saikolojia cha Kenya, KCPA.

Lakini mwaka uliobadilisha kazi ya mwalimu mshauri ni 2001. Mwezi Machi, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliteketezwa na wavulana 67 wakafa. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku kiboko kupitia Ilani ya Kisheria namba 56, na jopo lililoongozwa na Naomy Wangai likazunguka nchi kuchunguza migomo ya wanafunzi. Kiboko kilipowekwa chini, kilichotajwa kuchukua nafasi yake ni ushauri nasaha.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoingia, na haujatoka. Kwa kuwa ushauri uliletwa kuziba pengo la adhabu, walimu wengi waliupokea kama adhabu laini. Mwanafunzi akivunja kioo hupelekwa kwa mshauri. Akitoroka usiku hupelekwa kwa mshauri. Akirudi na kutoroka tena, walimu wenzake humtazama mshauri chumbani mwao kwa jicho la "si tulikwambia?" Yule anayelia kimyakimya chini ya blanketi hapelekwi na mtu, kwa sababu hajavunja chochote.

Na mwito wa kurudisha kiboko haujafa. Januari 2021, walimu waliposhambuliwa kwa kisu na mwanafunzi huko Kisii, Waziri Magoha mwenyewe alisema hadharani kwamba angependa kirudishwe, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza kumpiga mwanafunzi na hata kumtesa kiakili. Katika mabishano hayo ya redioni na bungeni walisikika mawaziri, vyama vya walimu, viongozi wa dini na wazazi. Mwalimu mshauri, ambaye kazi yake ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa, hakusikika sana.

Moto nao haujaisha. Usiku wa kuamkia Septemba 2, 2017, bweni liliungua katika Shule ya Wasichana ya Moi, karibu na Ngong Road, na wasichana 10 wakapoteza maisha. Septemba 2024 ikawa zamu ya Hillside Endarasha, Nyeri, na wavulana 21. Kila mara swali la kwanza huwa ni nani aliyewasha au nyaya zilikuwa na hitilafu gani. Swali la nani atakayeketi na walionusurika muhula mzima huulizwa mwisho, kama likiulizwa.

Siri na saa 24

Kuna sababu ya kitaalamu, mbali na uchovu, inayomfanya mshauri wa shule ahitaji wenzake kuliko mshauri mwenye ofisi yake Kilimani au Upper Hill.

Mshauri wa ofisini humpokea mteja, humsikiliza, humsindikiza mlangoni. Hawakutani tena hadi wiki ijayo. Mwalimu mshauri humsikiliza mtoto saa nne na nusu, na saa tano anamfundisha Hisabati. Jioni anasahihisha karatasi yake. Ijumaa anaketi katika kamati ya nidhamu inayoamua kama mtoto huyo huyo atarudishwa nyumbani, huku akijua jambo ambalo wajumbe wengine hawalijui na ambalo aliahidi kutolisema. Akinyamaza, mtoto anafukuzwa kwa kosa lisiloelezeka. Akisema, kesho hakuna mtoto atakayefungua mdomo katika kile chumba cha stoo.

Kisha kuna sheria. Waraka namba 3 wa TSC wa mwaka 2010, kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, unamtaka mwalimu aliyepata habari ya dhuluma hiyo aripoti ndani ya saa 24. Akificha, naye ana kesi ya nidhamu. Kwenye karatasi jambo hilo liko wazi, na ni vyema liwe hivyo. Lakini mtoto anaposema "mwalimu, niahidi hutamwambia mtu", kabla hujajua anataka kusema nini, jibu la sekunde tatu zinazofuata linahitaji mazoezi. Mwalimu akiahidi ovyo ataivunja ahadi. Akikataa kwa ukali, mlango utafungwa. Kuna namna ya kulisema, na haifundishwi kwa barua ya aya mbili.

> *Mtoto akisema "niahidi hutamwambia mtu", jibu la sekunde tatu zinazofuata linahitaji mazoezi.*

Walimu wengi walipita chuoni kwa somo moja au mawili ya saikolojia. Wapo waliojisomesha hadi diploma na digrii za ushauri nasaha jioni na wikendi, kwa pesa zao. Wapo pia ambao hawajawahi kuketi katika mafunzo hata ya siku moja. Wote huitwa kwa jina moja.

Jumamosi moja kwa mwezi

Mtu akisikia "chama cha kitaaluma" hufikiria kadi, mkutano mkuu wa mwaka na uchaguzi wenye fitina. Kwa mshauri nasaha, kiini cha uanachama ni kitu kingine kabisa, nacho ni usimamizi wa kitaaluma.

Usimamizi huo si ukaguzi. Ni watu watano au sita katika chumba chenye mlango unaofungika, pamoja na mmoja aliyewatangulia katika kazi. Kila mmoja huleta jambo lililomkwama, bila kutaja jina la mtoto wala shule. Husimulia alichosikia, alichosema, na pale alipoona ulimi unakauka. Wenzake humuuliza maswali. Mara nyingine hugundua kwamba kilichomkwama si kesi ya mtoto bali ni yake mwenyewe, kwamba msichana yule alimkumbusha dadake. Hapo ndipo kazi ya siku hiyo inapoanza.

Hakuna mshauri anayefanya kazi hii sawasawa miaka mitano bila kikao kama hicho. Atageuka jiwe, au atavunjika. Dalili za kugeuka jiwe wanafunzi huzijua kabla ya mwenyewe: mwalimu huanza kukatiza hadithi katikati na kutoa methali.

Zaidi ya usimamizi, chama huwa na kanuni za maadili, njia ya kumshtaki mwanachama anayezivunja, mafunzo ya mara kwa mara, na orodha ya watu wa kuwapigia simu kesi inapozidi uwezo wako. Hilo la mwisho linaonekana dogo. Mwalimu wa Kawangware anayejua jina moja la daktari wa akili atakayepokea simu Ijumaa jioni ana shule tofauti na yule asiyelijua.

Hati ya mshahara

Upande wa pili una hoja, na si hoja za uvivu.

Chukua hati ya mshahara wa mwalimu. Kuna kodi ya mapato. Kuna asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, SHIF, tangu Oktoba 2024. Kuna asilimia 1.5 ya nyumba. Kuna asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi kwa mpango wa pensheni ulioanza Januari 2021. Aliye mwanachama wa chama cha walimu, KNUT, hukatwa asilimia 2 ya mshahara huo wa msingi. Chini yake kuna mkopo wa sacco, na chini ya mkopo wa sacco kuna mkopo mwingine uliochukuliwa kulipa karo ya mtoto wa mwalimu mwenyewe. Mtu huyo akiambiwa alipe ada nyingine ili atambuliwe kwa kazi asiyolipwa hata shilingi ya ziada, atacheka, na ana haki ya kucheka.

Hoja ya pili ni kwamba tayari kuna vyama vya wafanyakazi. Ikiwa tatizo ni vipindi vingi na kukosa marupurupu, mahali pake si kwenye mkataba wa pamoja wa KNUT na KUPPET? Ni kweli. Saa za kazi na pesa ni mambo ya chama cha wafanyakazi. Lakini chama cha wafanyakazi hakiwezi kukuambia la kufanya mtoto akikuomba ahadi usiyoweza kuitimiza. Na kikiingia chumba cha mazungumzo na mwajiri, kitabeba madai ya waliojitokeza kwa wingi. Walimu washauri hawajajitokeza kama kundi, kwa hiyo dai lao la kupunguziwa vipindi halina mwenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo chungu. Baadhi ya walimu wanahisi kwamba ndani ya vyama vya taaluma hii wao ni wageni. Wanaoketi mbele ni wenye shahada za uzamili na wateja wanaolipa kwa saa. Mwalimu wa Kangemi mwenye cheti cha wiki tatu huketi nyuma, akisikiliza mada kuhusu mbinu za tiba zinazohitaji chumba tulivu na dakika 50, wakati yeye ana stoo na dakika 12. Vyama vya kitaaluma nchini, si vya taaluma hii pekee, vina mazoea ya kukutana katika hoteli, siku za kazi, kwa ada ambayo ofisi humlipia mtaalamu lakini shule haimlipii mwalimu. Malalamiko haya hayajibiwi kwa kumwambia mwalimu aongeze bidii. Yanajibiwa kwa chama kushuka na matatu ya 46 hadi Kawangware, Jumamosi asubuhi, na kukutana katika darasa.

> *Yeye ana stoo na dakika 12.*

Walioungana

Walimu wa Kenya ndio watu wa mwisho wanaohitaji kuhubiriwa faida ya kuungana. Kabla ya uhuru, mwalimu wa misheni moja na wa misheni nyingine walikuwa na waajiri tofauti, mishahara tofauti na masharti tofauti. KNUT ilizaliwa Desemba 1957, na moja ya madai yake makuu lilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote. Mwaka 1967 TSC ikaundwa kwa sheria ya Bunge. Kila mwalimu anayepokea barua kutoka makao ya TSC, Upper Hill, leo, hata asiye mwanachama wa kitu chochote, anaishi ndani ya matunda ya chama.

Walimu wakuu nao wanajua. Wale wa sekondari hukutana Mombasa kila mwaka kupitia chama chao, KESSHA, kwa maelfu. Waziri huenda. TSC huenda. Wakilalamikia kuchelewa kwa pesa za shule, jioni hiyo hiyo habari iko kwenye televisheni. Hakuna wiki katika kalenda ya elimu ambayo nchi inamsikiliza mwalimu mshauri kwa namna hiyo.

Kwingineko hali si hivyo. Marekani, washauri wa shule walianzisha chama chao, ASCA, mwaka 1952. Kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Majimbo mengi hayajafikia kiwango hicho, lakini mzazi, mbunge au mwandishi anayetaka kuibana serikali ana namba ya kushika mkononi. Kenya, shule yenye wanafunzi 1,200 na mshauri mmoja asiyetengewa saa za kazi hiyo haikiuki kiwango chochote ambacho mzazi anaweza kukitaja kwenye mkutano mkuu.

Na si lazima kuvuka bahari kuuona mfano. Panda kutoka Westlands kuelekea Peponi Road na Kitisuru, au zunguka Lavington hadi Karen, ukabishe hodi shule za kimataifa. Huko mshauri ni mshauri tu. Hafundishi Hisabati. Chama kinachounganisha shule za kimataifa za bara hili, AISA, kina makao yake hapa hapa Nairobi. Kutoka kwenye malango hayo hadi Kangemi ni mwendo wa dakika chache, ukikwepa msongamano wa Waiyaki Way.

Wizara mbili, mtu mmoja

Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia. Sheria hiyo iliunda bodi ya kusajili watu wa taaluma hii na kuwapa leseni, chini ya Wizara ya Afya. Nia ilikuwa njema: kuwaondoa matapeli waliotundika vibao vya ushauri kila kona ya jiji.

Lakini mwalimu mshauri yuko chini ya Wizara ya Elimu na TSC. Namba yake ya usajili ni ya ualimu. Anafanya kazi ambayo wizara moja inasema ina leseni yake, kwa barua kutoka kwa ofisa wa wizara nyingine. Je, ni mshauri nasaha mbele ya sheria, au ni mwalimu mwenye roho nzuri? Akikosea, atashtakiwa wapi? Akiitwa mahakamani kutoa siri ya mtoto, nani atasimama naye? Haya ni maswali ambayo mtu mmoja, akiwa katika stoo yake Riruta, hawezi kuyapeleka Wizara ya Elimu, Harambee Avenue, na Wizara ya Afya, Afya House. Chama kinaweza. Lakini kitayapeleka kwa uzito ule ule wa idadi ya walimu waliomo, na kikiwa kimejaa wataalamu wa kliniki, kitapeleka ya kliniki kwanza. Hivyo ndivyo vyama vilivyo.

Wakati walimu wakisitasita, wengine wameingia uwanjani. Shirika la Shamiri, lililoanzishwa na Mkenya Tom Osborn mwaka 2018, huwatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa wiki nne, wakizungumzia ukuaji, shukrani na mambo ambayo mtu anayathamini. Jaribio lao lililohusisha wanafunzi 413 lilichapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, na lilionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa wanafunzi waliopewa mafunzo ya stadi za masomo.

Wapo wanaoyatumia matokeo hayo kuuliza: kama kijana wa miaka 20 anaweza, mwalimu mshauri na vyeti vya chama ni vya nini? Swali hilo linasahau jambo moja lililoandikwa waziwazi katika utaratibu huo: vijana hao hufunzwa na husimamiwa na watu waliobobea, na mtoto aliyezidiwa huelekezwa mbele. Yaani wanapata kile hasa ambacho mwalimu mshauri wa kawaida hana.

Januari imefika na kupita

Kazi yenyewe imeongezeka. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, wakiwa wamechagua mojawapo ya mikondo mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Spoti. Wizara ilikuwa imekadiria kwamba asilimia 60 wangeelekea STEM. Mtoto wa miaka 15 anayetakiwa kuchagua mkondo huhitaji mtu wa kumuuliza maswali mazuri, na mzazi anayetaka daktari wakati mtoto anataka kuchora huhitaji kuketishwa chini. Kazi hiyo nayo iliangukia meza ile ile, kwa mwalimu yule yule.

Mwalimu mshauri anayesoma haya anaweza kuanza na hatua ndogo kuliko kadi ya uanachama. Watafute walimu washauri wanne wa shule zilizo karibu nawe, wa umma na wa kibinafsi. Kutaneni Jumamosi moja, mlango ukiwa umefungwa, majina ya watoto yakibaki shuleni. Mkishakuwa watano, nendeni chamani pamoja, mkadai viti vya mbele, msimamizi wa bei nafuu, na mikutano inayofikika kwa nauli ya mwalimu. Mwanachama mmoja anayelalamika hupewa chai. Watano wanaolalamika pamoja hupewa nafasi katika ajenda.

Nanyi walimu wakuu na bodi za shule za Dagoretti, Kangemi, Kawangware na Riruta: bajeti ya mwaka ujao itakapoletwa mezani, itakuwa na basi, sare za timu ya mpira na hema la siku ya wazazi. Ongezeni mstari mmoja wa ada ya mwalimu mshauri na nauli yake ya Jumamosi moja kwa mwezi, mkampunguzie vipindi vitano kati ya 27. Na kabla ya hayo yote, kwa kuwa halihitaji shilingi, liondoeni lile benchi.